Batri nne nyuma ya jiko: kisa cha sola ya kituo cha uzazi Kadutu

Simu yangu ililia saa nane za usiku. "Papa fundi, moto umezimika, na mama yuko mezani." Alikuwa muuguzi mkuu wa kituo kidogo cha uzazi huku juu Kadutu, mtaa wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ambako umeme tunauita moto, na nyuma ya sauti yake nilisikia mvua ikipiga bati. Nilimwambia achomoe kila kitu ukutani, angoje dakika kumi, kisha awashe inveta (mashine inayogeuza umeme wa batri uwe wa ukutani) na taa moja tu. Taa iliwaka kiasi cha mtu kusema asante, ikazima. Mtoto alizaliwa kwa mwanga wa tochi ya simu ambayo msaidizi aliishika kwa meno, maana mikono yote miwili ilikuwa kazini. Mama alichanika, na kushonwa kwake kukangoja mapambazuko, kikwembe kimekunjwa na kukazwa chini yake kuzuia damu.

Wote wawili ni wazima leo. Naandika kisa hiki kwa sababu kituo kile kilikuwa na paneli nne nzuri juu ya paa, na wiki ile karibu kila niliyeongea naye alikuwa ameshatoa hukumu: sola ni uongo, turudi kwenye grupu, yaani jenereta. Mimi ni fundi wa moto, nimefunga sola nyingi katika mji huu, na hukumu hiyo iliniuma. Nikaomba kamati ya afya inipe siku tatu kabla ya kununua chochote.

Mitambo ile ilikuwa imeletwa miezi 14 nyuma na shirika moja la msaada. Paneli 4 za wati 250 kila moja, batri 4 za jeli (aina ya batri za madini ya risasi) za volti 12 na ampea-saa 200, inveta moja kubwa yenye uwezo wa kuchaji batri kwa moto wa mji pia. Hakuna kitu kibovu hapo. Siku ya kukabidhi watu walicheza, picha zikapigwa, kijitabu cha maelezo kikawekwa kabatini kikiwa katika lugha ambayo hakuna mtu wa kituo aisomaye.

Nilianzia kwenye batri. Zilikuwa kwenye kijumba cha mbao nyuma ya jiko, mahali pa joto, kosa ambalo batri za aina hii hulilipia kwa uhai wao. Unga mweupe wa kijani ulikuwa umeota kwenye vichwa vyake. Moja ilikuwa imevimba ubavuni kama tumbo la mtoto mwenye minyoo. Batri ya volti 12 ikijaa na kutulia hupima karibu 12.7, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Ikishuka chini ya 11.8 haina kitu tena. Nilipima saa kumi alasiri, baada ya siku nzima ya jua, kila kitu kikiwa kimechomolewa. Iliyosoma juu kuliko zote ilikuwa na 11.9. Ile iliyovimba, 9.8.

Nilidhani kwanza ni batri za bandia, maana sokoni kwetu zimejaa: sanduku kubwa, madini kidogo ndani. Nikazipima uzito. Uzito ulikuwa sawa. Zilikuwa batri za kweli, na kuna kitu kilichoziua.

Nikapanda juu ya paa. Paneli zilifuata mteremko wa bati, na mteremko unatazama magharibi. Bukavu tuko karibu sana na ikweta, kwa hiyo pembe ya paneli si jambo kubwa kama ilivyo Ulaya; inatosha ziinuke kidogo mvua izioshe. Lakini jua la Bukavu ni la asubuhi. Msimu wa mvua, ambao kwetu ni sehemu kubwa ya mwaka, mawingu huanza kujikusanya juu ya milima mara tu baada ya adhuhuri. Paneli inayotazama magharibi inangoja jua ambalo mara nyingi halifiki. Kisha jirani alikuwa ameongeza ghorofa. Kuanzia saa nane mchana kivuli cha ukuta wake kinakata pembe ya paneli mbili. Mtu asiyejua atasema ni pembe ndogo tu, lakini seli za paneli zimeungwa moja nyuma ya nyingine kama watu wanaopokezana ndoo: mmoja akilala, mstari wote unasimama. Kulikuwa pia na masizi ya majiko ya mtaa. Nilipitisha kidole, kikatoka cheusi.

Hata hivyo kivuli na masizi visingeziua batri katika miezi 14. Jibu lilikuwa chini, ndani ya kituo, na nililipata kwa kukaa siku nzima kwenye benchi la wajawazito nikiandika kila kilichochomekwa na saa yake.

Paneli zenye jumla ya kilowati 1, kwa jua la hapa na hasara za nyaya, joto na inveta, hutoa karibu kilowati-saa 3 kwa siku njema. Kwa mkao ule na kivuli kile, nilikadiria 2 na kidogo. Matumizi sasa. Taa 12 za LED za wati 9, saa 10 kila usiku: kilowati-saa 1 na ushee. Simu za wauguzi na kompyuta ya ripoti: karibu 0.4. Mpaka hapo sola inaweza, tena vizuri. Lakini kulikuwa na birika la umeme la kuwachemshia akina mama maji. Kulikuwa na pupineli, lile sanduku la chuma linalopasha hewa kavu hadi nyuzi 160 au 180 kuua vijidudu kwenye makasi na koleo; raundi moja tu ilikula karibu kilowati-saa 2. Na kulikuwa na mashini ya oksijeni iliyoletwa wakati wa Korona, wati 350 muda wote inapofanya kazi. Siku ambayo mtoto mmoja amehitaji oksijeni saa 6, jumla ya kituo ilipita kilowati-saa 6. Siku bila oksijeni, zaidi ya 4.

Inaingia 2, inatoka 4 mpaka 6. Mama yeyote anayeuza sambaza, wale samaki wadogo, kando ya ziwa angekwambia biashara hiyo inaishia wapi.

Swali lililobaki ndilo lililoninyima usingizi: kama hesabu ilikuwa mbaya hivyo tangu mwanzo, kwa nini kituo hakikuzimika mwezi wa kwanza? Kiliwaka mwaka mzima, watu wakaisifu sola.

Nilifungua kumbukumbu za inveta. Ina kioo kidogo chenye historia ya kuchaji, na hakuna aliyewahi kukibonyeza. Zaidi ya nusu ya umeme ulioingia kwenye batri katika miezi ile haukutoka juani kabisa. Ulitoka kwenye moto wa mji, saa chache za usiku wa manane ambapo mtaa ule hupewa zamu. Inveta ilikuwa inajaza batri kimyakimya watu wamelala, na asubuhi kila mtu anadhani ni jua. Sola ya Kadutu ilikuwa inanyonyeshwa na Ruzizi, mto ambao mabwawa yake yanatupa moto wa mji. Kisha ikaja miezi ambayo moto wa mji ulipungua sana, zamu ya mtaa ikawa mara moja kwa siku tatu au nne, na batri zikabaki nusu tupu wiki baada ya wiki. Batri ya risasi ikiachwa tupu, sahani zake huota fuwele ngumu ambazo chaji haiziyeyushi tena. Kila siku inapoteza nafasi kidogo, mpaka inafika usiku wa mvua na mama yuko mezani.

Hapa lazima niseme kuhusu Ruzizi, maana sisi watu wa Bukavu tunauchukulia mto huu kama kitu cha kawaida. Ziwa Kivu linatoa maji yake hapa mjini kwetu kupitia mto huu, nayo yanashuka kwa kasi kuelekea Tanganyika. Bwawa la Ruzizi I lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, lina uwezo wa karibu megawati 30. Ruzizi II, chini yake, lilianza mwaka 1989 na linatumiwa na nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa kazi nzito, hakuna chanzo kingine katika eneo hili kinachokaribia maji. Yanatiririka mchana na usiku, hayahitaji batri, hayachomi kitu, na mashine iliyofungwa kabla baba yangu hajaoa bado inazunguka. Wapi utapata paneli ya miaka 60?

Na udhaifu wake nao ni wetu. Mji umekua mara nyingi zaidi ya ulivyokuwa bwawa lilipojengwa, na mabwawa ni yaleyale. Nyaya za mwisho wa mstari kama huku Kadutu hupata volti 150 mahali pa 220, kiwango kinachounguza mota za friji. Halafu kuna plastiki. Chupa na mifuko tunayotupa kwenye mifereji ya Kadutu inashuka na mvua hadi mto Kahwa, kutoka hapo ziwani, na ziwa linaipeleka kwenye mdomo wake, yaani Ruzizi. Inajikusanya mbele ya bwawa kama zulia, nyingine inazama na kuziba njia ya maji ya turbini. Mashine inasimamishwa isafishwe, wapiga mbizi wanaingia, na mtaa mzima unabaki gizani. Nimeiona chupa ya maji ya dripu ikielea kwenye mfereji ulio chini ya kituo kilekile. Sisemi ilitoka hapo. Nasema njia ni moja.

Kamati ilikutana siku ya tatu, watu saba kwenye viti vya plastiki. Mzee mmoja, mtu ninayemheshimu, alitaka grupu irudi. Ana haki yake: grupu inawaka ukiitaka, haijali wingu wala zamu. Lakini kituo kilikuwa nayo zamani, na daftari la matumizi lipo. Ile ndogo ya petroli ilikunywa karibu lita moja kwa saa, mafuta yanapanda bei kila njia inapofungwa, na kelele na moshi vilikuwa mita nne kutoka kwenye vitanda vya wazazi. Waliiacha kwa sababu hiyo.

Kijana mmoja alitaja upepo. Nilimjibu kwa hesabu fupi: nguvu ya upepo inafuata kasi kwa namna kali, kasi ikipungua nusu, nguvu inabaki sehemu moja ya nane. Upepo wetu wa ziwani unakausha nguo, hauwezi kubeba wodi. Mama mmoja akauliza kuhusu gesi ya vyoo, kwa kuwa alisikia magereza ya Rwanda yanapikia gesi ya kinyesi. Ni kweli, na ni kazi nzuri, ila gereza lina maelfu ya watu na kituo hiki kina vitanda 9. Akaja wa mwisho na swali ambalo halikosi katika mkutano wowote wa moto nchini: na Inga je? Inga ni bwawa kubwa la umeme la mto Kongo, magharibi kabisa mwa nchi. Mstari wake mkubwa uliokamilika mwaka 1982 ulikwenda Kolwezi, karibu kilomita 1,700, kwa ajili ya migodi ya Katanga. Haukugeuka kuja Kivu.

Nilichowaambia mimi ni hiki. Jua limepewa kazi isiyo yake. Kuchemsha bidoni moja ya lita 20 kunakula karibu kilowati-saa 2; umeme huohuo ungewasha taa moja ya wati 9 siku 9, mchana na usiku bila kuzima. Mwanga ni rahisi, joto ni ghali mno. Anayeunganisha birika kwenye batri anachoma mlo wa wiki apate kuota moto jioni moja. Kwa hiyo kila kazi itafutiwe chanzo kinachoiweza.

Muuguzi mkuu alinikatiza. "Papa, mimi nimesoma uuguzi. Mtu aliniletea birika, ukuta una tundu, nikachomeka. Nani aliniambia tundu lina mwisho?" Sikuwa na jibu, na bado sina. Waliofunga mitambo ile walihesabu taa, wakaondoka. Tundu la ukutani halisemi limebeba nini. Baada ya hapo kila kifaa kiliingia kimoja kimoja, kwa nia njema, kila kimoja kikiwa zawadi ya mtu.

Tuligawa hivi. Tundu za taa na simu zikawekwa kwenye mstari wao peke yake, na mstari huo ndio pekee ulioruhusiwa kugusa batri usiku. Pupineli ikahamishiwa kwenye moto wa mji moja kwa moja: zamu ikija, inawashwa, isipokuja, vyombo vinachemshwa kwa otoklavu ya jikoni, sufuria nzito ya mvuke yenye kipimo juu ya kifuniko, nyuzi 121, bila umeme hata kidogo. Maji ya wazazi yakarudi kwenye jiko la makala, yaani makaa ya miti, lililoboreshwa. Oksijeni ikapata mstari wa pili: moto wa mji ukiwepo, jua la mchana likiwa kali, na ikishindikana vyote, grupu ndogo ya zamani ambayo tuliitengeneza na kuihamishia chini ya ukuta wa nyuma. Mzee alifurahi grupu yake kurudi, na mimi nilikubali kwa moyo wote. Mtoto anayekosa pumzi hangoji mawingu yaondoke. Friji ya chanjo hatukuigusa. Ilikuwa imetoka zoni ya afya na ina paneli zake peke yake, haina batri. Inagandisha barafu mchana, na barafu hiyo inalinda chanjo siku kadhaa hata jua likikosekana. Ni kifaa ninachokipenda kuliko vyote nilivyoviona katika kazi hii, kwa sababu aliyekibuni alijua kwamba ukihitaji baridi, hifadhi baridi.

Paneli zilihamishwa upande wa mashariki wa paa na kuongezwa 4, jumla kilowati 2. Batri mpya ni za litiamu, aina ya chuma na fosfeti, kilowati-saa 5. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili ya zile za jeli, na kamati ilibishana juu ya hilo hadi jioni. Zinavumilia kuchaji na kutoa mara elfu kadhaa ambapo za risasi hufika mamia tu, na haziharibiki upesi zikikaa nusu tupu. Nusu ya pesa ilitoka kwa michango ya mtaa, nusu kwa mtoto wa mtaa aliyeko ng'ambo. Mtu mmoja aliniuliza kwa uchungu kama batri hizo zina kobalti yetu ya Kolwezi inayorudi kwetu kwa bei ya dhahabu. Aina hii haina kobalti. Hata hivyo swali lake halikuwa la kipuuzi. Nchi inayotoa sehemu kubwa zaidi ya kobalti duniani inanunua batri zake kwenye makontena, na hilo lilimkera kama linavyonikera mimi.

Makala yananiuma pia, sitaficha. Zaidi ya kaya tisa kati ya kumi katika Kongo zinapika kwa kuni au makala, na gunia linaloingia Kadutu mara nyingi limetoka upande wa msitu wa Kahuzi-Biega. Tanuru za udongo zinapoteza kuni nyingi mno. Kilo kadhaa za mti zinaingia ipatikane kilo moja ya makala. Mti huota tena, ndiyo, kwa hiyo kwenye karatasi ni nishati jadidifu. Mlimani sioni ukiota kwa kasi ya shoka. Jiko lililoboreshwa lilipunguza matumizi ya kituo kutoka magunia mawili kwa mwezi hadi moja. Bado ni gunia moja.

Sasa ni miezi 11. Ukutani kando ya inveta kuna daftari la shule lililofungwa kwa kamba, na kila siku saa kumi na mbili jioni aliye zamu anaandika namba tatu: asilimia ya batri, hali ya mawingu, wazazi wangapi wodini. Nililipitia mwezi uliopita. Mara mbili tu batri ilishuka chini ya asilimia 20, zote katika wiki moja ya mvua isiyokatika mwezi wa Novemba, na usiku huo waliacha taa ya meza ya kuzalia na ya mlango tu, wakazima zingine wenyewe. Kwenye ukurasa mmoja mtu ameandika pembeni, kwa kalamu nyekundu: "Birika limeletwa tena na mgeni. Nimelirudisha."

Kitu kimoja hatujakimaliza. Zile batri nne za jeli ziko bado nyuma ya jiko. Ndani yake kuna risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na tindikali. Vijana wa vyuma chakavu wamekuja mara tatu kuziomba. Nimewahi kumwona mmoja akipasua batri kwa shoka kando ya mfereji, tindikali ikishuka kuelekea ziwa tunalokunywa, na mdogo wake akiokota vipande kwa mikono. Sijapata mahali hapa mjini pa kuzipeleka nikalala usingizi. Kwa sasa zimekaa juu ya ubao, zimefunikwa kwa bati na mawe manne, na muuguzi mkuu amechora mstari wa chokaa kuzizunguka ili watoto wa wazazi wasivuke.